DAMU YAKE HAIFAI

Leo sina habari za siasa. Wale mliozoea kuja hapa kusoma nani kagombana na nani huko Dodoma mnisamehe. Leo nina hasira, na hasira yenyewe si ya jana. Nimekaa nayo tangu Desemba 2013 na nimeona niitue hapa kabla haijanitia vidonda vya tumbo.

Ilikuwa siku mbili kabla ya Krismasi. Wenzangu wa kwetu mnajua Kirua Vunjo inavyokuwa siku hizo. Magari ya Dar na Arusha yameegeshwa mpaka kwenye migomba, mbege iko kila kihamba, na mbuzi wanalia maana wanajua kinachokuja. Dada yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua. Tukapigiwa simu kutoka hospitali: amejifungua, mtoto wa kike, hongereni. Kabla vigelegele havijaisha simu ikalia tena. Damu inamtoka na haikati. Njooni haraka.

Tukajazana kwenye pikapu ya jirani, tukateremka na utelezi ule mpaka Uchira, tukashika lami. Hospitali siitaji, na wala si shida yangu leo, maana yaliyotukuta pale yangeweza kutukuta kwingine kokote. Sista akatoka, hakusalimia mtu. Akasema: "Chupa ya mwisho ya kundi lake tumeshamwekea. Leteni watu watatu wa kutoa damu, sasa hivi."

Tukasimama watatu. Mimi, kijana wa miaka 19, mara yangu ya kwanza. Baba mdogo. Na kaka yetu mkubwa, mtoto wa baba mkubwa, mtu mwenye nguvu ya kubeba mkungu wa ndizi kila bega. Tukaanza kuulizwa maswali pale pale kwenye korido, ukoo mzima umetuzunguka, shangazi kashika kanga yake mdomoni. Umewahi kuugua manjano? Umewahi kutibiwa ugonjwa wa zinaa? Una mpenzi zaidi ya mmoja?

Niambie wewe msomaji wangu, nani angejibu "ndiyo" pale? Mwanao anakata roho nyuma ya mlango, mama yake anakutazama machoni, halafu wewe useme una wapenzi wawili? Baba mdogo, ambaye mambo yake kijiji kizima kinayajua, alijibu "hapana" kwa kila swali, harakaharaka, mengine kabla hayajaisha kuulizwa. Nami nilijibu hapana. Kaka naye hapana.

Tukatolewa. Tukakaa kwenye benchi. Baada ya muda mtu wa maabara akatoka na karatasi mkononi, akamwonyesha kaka kwa kalamu na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Leteni mtu mwingine. Huyu hapa damu yake haifai."

Akarudi ndani. Ndiyo hayo tu. Jirani mwenye pikapu akatoa badala yake, dada akapona, na yule mtoto leo ni msichana mkubwa anayenipiga kwa hesabu. Ningeishia hapo ingekuwa habari njema.

Lakini lile neno "haifai" lilipanda mlima kabla yetu. Tulipofika nyumbani usiku ule lilikuwa limeshafika. Na mwaka ule, kwetu, damu isiyofaa ilikuwa na maana moja tu. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa. Hakukuwa na haja. Kaka alikuwa na mchumba, mbege ya posa ilikuwa imeshapelekwa, na kabla ya Pasaka wakwe wakatuma mzee mmoja kusema kwa heshima zote kwamba binti bado anataka kusoma. Nilimwambia kaka twende tukapime Moshi mjini, sehemu isiyo na mtu anayetujua. Akaniambia: "Nikapime nini, mdogo wangu, wakati nimeshaambiwa?"

Akahamia Himo. Akapata mwenza, wakapata watoto wawili. Akawa mnywaji, yeye ambaye zamani alikuwa mtu wa kata moja na kuaga. Mwaka 2019 tumbo likaanza kujaa maji na macho yakawa manjano. Ndipo alipopimwa kila kitu. Virusi vya UKIMWI hakuwa navyo, hajawahi kuwa navyo. Alikuwa na homa ya ini aina ya B, na kwenye ini tayari kulikuwa na saratani. Daktari, kijana wa rika letu, alituuliza swali moja ambalo mpaka leo nalisikia: "Hakuwahi kuambiwa?"

Alikufa mwaka 2020. Miaka 36. Amelala kihambani, karibu na babu.

Haya. Sasa tuzungumze.

Najua wapo watakaosema hiki ni kisa kimoja cha bahati mbaya. Sikubali. Bahati mbaya ni mti kukuangukia. Hiki kilikuwa utaratibu uliokwenda kama ulivyopangwa, na maabara ilifanya kazi yake vizuri sana! Mfuko wa kaka ulikamatwa, ukatupwa, dada hakuambukizwa. Kasoro ni kwamba mfuko ulitupwa na mtu naye akatupwa pamoja nao.

Kwanza tuwe wakweli, tusiwe watu wa kulaumu tu. Damu ya hospitali ya leo si ile ya miaka ya 1980. Mwaka 1988 watafiti walichapisha habari za watoto wa Hospitali ya Mama Yemo, Kinshasa. Mtoto anaugua malaria, malaria inakula damu, mtoto anaongezewa damu ili asife, na kwa kuongezewa anapata VVU. Walikuta kadiri mtoto alivyokuwa ameongezewa damu mara nyingi ndivyo uwezekano wa kuwa na virusi ulivyopanda. Majirani zetu Kenya walipimwa mwaka 1994 katika hospitali sita, na makadirio yaliyokuja kuchapishwa mwaka 2001 yalikuwa kwamba kila watu 100 walioongezewa damu, wawili walipewa na VVU humo humo. Wawili! Na wale walikuwa wanapima, ila vipimo vilikuwa haba, umeme unakatika, kazi inafanywa vibaya. Ndiyo maana baada ya bomu la Agosti 7, 1998 pale Nairobi, hospitali zilipofurika majeruhi, Kenya ilianza kujenga huduma ya taifa ya damu kwa maana halisi ya neno hilo.

Sisi tulianza yetu mwaka 2004, Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na sisi wa Kaskazini kituo chetu cha kanda kiko Moshi hapo hapo. Kabla ya hapo kila hospitali ilijitafutia. Unataka kujua hali ilikuwaje? Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwachukua watu 1,599 waliotoa damu Muhimbili mwaka 2004 na 2005. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa ndugu wa wagonjwa, walioletwa kama tulivyoletwa sisi. Waliokuwa na angalau ugonjwa mmoja kati ya VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende walikuwa asilimia 15.9. Karibu mtu mmoja kati ya sita.

Sasa soma hapa polepole. VVU asilimia 3.8. Homa ya ini C asilimia 1.5. Kaswende asilimia 4.7. Homa ya ini B asilimia 8.8.

Umeona? Homa ya ini B ilikuwa zaidi ya mara mbili ya VVU, kwenye damu za watu wale wale. Sasa niambie nyimbo ngapi za homa ya ini unazijua. Mabango mangapi umeyaona barabara ya Moshi kwenda Himo? Shuleni tuliigiza tamthilia za UKIMWI mpaka tukazikariri, na ilikuwa sawa kabisa, nchi ilikuwa inateketea tangu wagonjwa wa kwanza walipoonekana Kagera mwaka 1983. Lakini tulifundishwa kuogopa kirusi kimoja tu. Ndiyo maana mtu wa maabara aliposema "haifai", ukoo mzima, na wasomi wake, tulikuwa na jibu moja kichwani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na homa ya ini B, na mwaka huo iliua watu wapatao milioni 1.1. UKIMWI mwaka ule uliua kama 630,000. Sisemi tuache kuogopa UKIMWI. Nasema kuna muuaji mwingine ndani ya chumba na hatujamjua hata jina.

Na uchungu zaidi uko hapa. Homa ya ini B ina chanjo. Tanzania iliiingiza kwenye chanjo za watoto wachanga mwaka 2002. Maana yake wewe unayesoma hapa, kama umezaliwa kabla ya hapo na hujajichanja mwenyewe, huna kinga ya sindano. Watu wa rika letu na wakubwa wetu, yaani ndio hao hao wanaoitwa kwenye korido kutoa damu. Na ina dawa ya kuidhibiti. Tenofovir, moja ya dawa zilizomo ndani ya kidonge cha ARV kinachogawiwa kila siku nchi hii, ndiyo inayotumika pia kukilaza kirusi cha homa ya ini B ili kisile ini. Haiponyi kabisa, lakini inampa mtu miaka. Kaka alikuwa na miaka sita hivi kati ya ile kalamu na yale macho ya manjano. Ukaguzi wa ini, dawa kama angehitaji, ushauri wa kuacha pombe, chanjo kwa mwenza. Vyote hivyo vilihitaji kitu kimoja tu cha kuanzia: mtu mmoja kumwita pembeni, kufunga mlango na kumwambia.

Sasa hoja zangu. Nitazipanga ili mtakaonipinga mnipinge kwa namba.

1. Mtindo wa "leteni ndugu" unatufanya waongo.

Damu inapimwa, ndiyo, lakini hakuna kipimo kinachoona kila kitu. Mtu akiambukizwa leo kuna siku za mwanzo ambapo kirusi kimo lakini kipimo hakikioni. Kwa VVU, kwa vipimo vizuri vinavyotafuta kinga na kirusi chenyewe, ni kama wiki mbili hivi. Kwa homa ya ini B siku hizo zinaweza kupita mwezi. Vipimo vya haraka vya kudondoshea tone, ambavyo ndivyo kimbilio usiku wa dharura, vinaweza kukikosa kirusi kikiwa kidogo. Sasa ni nini kinachotulinda siku hizo ambazo maabara ni kipofu? Ni yale maswali. Ni mtoaji kusema ukweli. Na sisi tumeyaweka maswali yale mahali ambapo kusema ukweli ni kumuua dada yako.

Nimesoma hoja za upande wa pili na nitazitendea haki. Wapo wataalamu wa Afrika wanaosema ndugu wasinyanyapaliwe, kwamba mtu anayejitolea kwa mara ya kwanza naye anaweza kuwa na maambukizi kama ndugu tu. Ni kweli. Salama kuliko wote ni mtu aliyetoa mara nyingi, aliyepimwa jana, juzi na mwaka jana, anayejua majibu yake na anayetoa bila mtu kumshikia kanga mdomoni. Kwa hiyo ugomvi wangu sina na ndugu. Nina ugomvi na ile dakika. Nchi haiwezi kuweka usalama wa damu yake kwenye dakika ambayo mtu ana kila sababu ya kudanganya.

Halafu, pale mtu anapokosa ndugu, unadhani nini hutokea? Tulipokuwa tunahangaika kutafuta mtu wa nne, kijana mmoja getini alinisogelea akaniuliza kundi. Akataja bei. Damu haiuzwi, sivyo? Ndivyo tunavyoambiwa. Lakini ukimwambia mtu "bila damu mgonjwa wako atakufa" na damu hakuna, umeshafungua soko. Umebaki tu kutoa leseni.

2. Mtoaji ana haki ya majibu yake, na ana haki ya mlango kufungwa.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Tunachukua damu ya mtu, tunaipima magonjwa manne, tunayajua yaliyo mwilini mwake kuliko anavyoyajua yeye, halafu tunamwacha aende. Hebu fikiria fundi wa gari anayeona breki zako zimekatika, anakataa kupanda gari lako, anakupungia mkono uende. Utamwitaje?

Mimi mwenyewe niliyetoa damu siku ile sikuambiwa kitu. Nilidhani kimya maana yake niko safi. Kaka aliambiwa maneno mawili, mbele za watu, na maneno hayo mawili yalikuwa mabaya kuliko kimya. Yaani pale pale kwenye benchi moja tulitendewa makosa mawili yanayopingana: mmoja alinyimwa habari zake, mwingine habari zake zikagawiwa ukoo.

Najua majibu: wahudumu ni wachache, namba za simu za watoaji zinabadilika, chumba cha ushauri hakuna. Nakubali. Lakini kiti kimoja na mlango unaofungika si teknolojia ya kuagiza Ulaya. Na simu ambayo hospitali haina ya kumpigia mtoaji, inayo ya kumpigia ndugu alipe bili.

3. Tusizuge kwamba ni ufukara tu.

Huwa tunasema "sisi maskini". Basi tuangalie matajiri. Ufaransa mwaka 1985 waliendelea kutumia bidhaa za damu zenye VVU wakati hatari inajulikana, mkuu wa shirika lao la damu akafungwa, na mwaka 1999 waziri mkuu wa zamani akasimamishwa mahakamani, ingawa yeye aliachiwa. Uingereza, wenye hospitali na maabara zote hizo, waliambukiza watu zaidi ya 30,000 VVU na homa za ini kwa damu na dawa zilizotokana na damu, miaka ya 1970 mpaka mwanzoni mwa 1990. Watu wapatao 3,000 wamekufa. Ripoti ya uchunguzi wa Jaji Brian Langstaff ilitoka Mei 20, 2024, miongo mingi baadaye, na kilichomkasirisha kuliko virusi vyenyewe ni kwamba wakubwa walijua, wakanyamaza, wakaficha, na wagonjwa hawakuambiwa.

Wagonjwa hawakuambiwa. Unaisikia hiyo? Uingereza na Kirua Vunjo hazifanani hata kwa mvua, lakini kwenye hili tumekutana. Fedha hununua vipimo. Tabia ya kumwona mtu wa kawaida kuwa hana haki ya kujua kilichomo mwilini mwake, hiyo haiondoki kwa fedha.

Hata hivyo fedha nazo tuziseme. Damu salama ya nchi hii ilisimamishwa kwa msaada mkubwa wa Wamarekani kupitia PEPFAR. Asanteni. Lakini Januari 2025 Washington walipofunga bomba la misaada kwa siku moja tu ya saini, kila mwenye akili alijifunza jambo. Kipimo cha damu ya mama anayejifungua Kirua kisitegemee nani kashinda uchaguzi Marekani. Tunanunua mashangingi kwa fedha zetu. Tununue na vipimo.

4. Na sisi je? Sisi wenye shahada?

Sasa nawageukia ninyi wenzangu, na najigeukia mwenyewe. Shirika la Afya Duniani husema nchi ikipata watu asilimia moja tu wanaotoa damu inaweza kukidhi mahitaji yake ya msingi. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Asilimia moja ni kama laki sita na kumi na saba. Nani anaibeba damu ya nchi hii? Kwa sehemu kubwa ni wanafunzi wa sekondari. Gari la damu salama linaenda shuleni, watoto wa kidato cha tano na sita wanapanga mstari, wanapewa soda na biskuti.

Halafu shule zinafungwa Desemba. Ndiyo, Desemba ile ile tunayopanda sisi na magari yetu. Wanafunzi wako nyumbani, gari la damu halina pa kwenda, na chembe nyekundu hazikai kwenye jokofu zaidi ya wiki tano au sita. Barabara ya kutoka Dar imejaa, bodaboda za Njia Panda zinapakia wanne, watu wamelewa, wajawazito wamerudi kujifungua karibu na mama zao. Yaani mwezi ambao mlima unahitaji damu kuliko wakati wowote ndio mwezi ambao jokofu liko tupu. Na sisi, wenye umri, wenye kilo zaidi ya 50, wenye afya, tupo hapo hapo, maelfu kwa maelfu, tumekaa chini ya migomba tunakunywa kisusio.

Mchagga haogopi damu, tusidanganyane. Damu ya mbuzi tunaipika supu na tunaigombania. Tunachoogopa ni sindano. Na wengine tunachoogopa hasa ni majibu.

Mwanaume anaweza kutoa kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Kamati ya harusi ya mtu mmoja inakutana mara kumi na mbili. Misa za Krismasi zinajaa mpaka nje. Kwa nini parokia na usharika visiweke meza moja ya damu Desemba 27, watu wakiwa wametulia, kabla ya dharura, na chumba cha pembeni cha kuulizwa maswali bila shangazi? Mwaka huo huo tungeua mtindo wa "leteni watatu" kwa wiki nne. Wiki nne tu, kisha tuongee za mbele.

Naomba sasa mtu asinisome vibaya. Najua kuna atakayefunga ukurasa huu na kumwambia mama yake "damu za hospitali zina magonjwa, kataa". Ukifanya hivyo umeniua mimi na umemuua na mama. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana siku mbili za kutafakari. Dada yangu yuko hai kwa sababu ya mifuko ya watu asiowajua. Unachoweza kufanya ni kuuliza: imepimwa? Na je, inahitajika kweli? Maana hilo nalo ni swali halali. Utafiti mkubwa wa Uganda na Malawi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto wenye upungufu mkubwa wa damu lakini wasio na dalili za hatari, wakifuatiliwa kwa karibu, kuwaongezea damu papo hapo hakukupunguza vifo ukilinganisha na kusubiri. Mfuko ambao haukuhitajika ni mfuko uliobaki kwa mwenye kuuhitaji, na ni mtoto mmoja aliyeepushwa na hatari ndogo lakini ya kweli. Hasa mtoto, kwa sababu homa ya ini B ikimpata mtu mzima mara nyingi mwili huitimua, ila ikimpata mtoto mchanga, tisa kati ya kumi hubaki nayo maisha.

Basi ninachodai ni hiki:

Maswali ya mtoaji yaulizwe faraghani, na awepo njia ya kusema kimyakimya "damu yangu msiitumie" bila ndugu kujua.

Kila mtoaji apewe majibu yake, yote manne, uso kwa uso, na mwenye tatizo aelekezwe kliniki siku hiyo hiyo akiwa na karatasi mkononi.

Watu wazima waliozaliwa kabla ya 2002 wapimwe homa ya ini B na wasio nayo wachanjwe, kuanzia na familia za waliokutwa nayo.

Bajeti ya vipimo vya damu iwe ya kwetu, isomwe bungeni, tuione.

Na neno "haifai" lifutwe midomoni mwa watu wa maabara. Damu inaweza kuwa na kirusi. Mtu hafai kwa nani?

Wiki ya msiba wa kaka, mwenza wake alikwenda kupimwa homa ya ini kwa mara ya kwanza maishani. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa. Ila alipotoka aliniambia sista alifunga mlango, akamvutia kiti, akamweleza polepole mpaka akaelewa. Kumbe inawezekana. Dakika kumi na tano, nilihesabu.

Mimi nimeshachanjwa, sindano tatu. Na Desemba hii nikipanda nyumbani nitapitia kwanza kituo cha damu Moshi mjini, kabla sijagusa mbege. Natafuta wa kuongozana naye. Wa kwetu na wasio wa kwetu, karibuni.

Naomba kutoa hoja.